Tairi au upepo? Kusoma dalili za baiskeli ya milimani, Menengai hadi tambarare za Kano

Jumamosi jioni watu huniletea baiskeli kibarazani, hapa Nakuru, na maneno yao hufanana: "Hili tairi ni bure, nimeanguka tena." Huwa sijibu. Kwanza nalibonyeza kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama jiwe la kusagia, najua safari ya dukani bado. Tuanze na upepo.

Namba ile kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi, tuseme psi 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), ni kikomo cha tairi. Hakuna aliyesema ndicho kipimo chako. Vijana wa vituo vya petroli wamezoea magari na pikipiki, na kompresa yao hujaza tairi la baiskeli kabla hujamaliza kusema "tosha". Mtu wa kilo 70 hivi, mwenye tairi la upana wa inchi 2.2 au 2.3 na tyubu ndani, aanze na psi 26 mbele na 30 nyuma. Asiye na tyubu apunguze 4. Wa kilo 90 aongeze 4 au 5. Kisha rudi kwenye kona ileile inayokuangusha, pita, punguza psi 2, pita tena. Ukisikia rimu ikigonga mawe, au tairi likiyumba chini yako kama mguu uliokufa ganzi, umezidisha. Rudisha hizo 2.

Geji za pampu nazo hazipatani. Chagua pampu moja uitumie siku zote, hata kama ni ya uongo. Mwongo uliyemzoea unajua anakudanganya kwa kiasi gani.

Kuna wanaouliza pia kama kuteremka kutoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Kisumu, mita 1,130 hivi, kunaharibu hesabu. Hewa nzito ya kando ya ziwa hushusha kipimo kwa kama psi 1, na joto la Kisumu hukirudisha. Msijisumbue.

Ukishapima upepo na tatizo likabaki palepale, sasa tunaweza kuzungumza juu ya tairi.

Gurudumu la mbele linateleza kwenye kona kavu

Jina Nakuru husemwa lilitoka kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi linalozunguka, na ukiwa kwenye vijia vya Menengai, ule mlima wa volkano ulio juu ya mji, mwezi wa Februari huna sababu ya kubisha. Juu kuna vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga. Chini yake ardhi imekauka ikawa saruji. Ni kama mtu amemwaga unga wa ngano sakafuni kisha akakuambia ukate kona. Tairi lenye kashata (yale meno ya mpira) fupi zilizobanana huelea juu ya ule unga. Linalofaa ni lile ambalo kashata zake hupenya vumbi na kugusa ardhi ngumu iliyo chini.

Lakini usitazame katikati ya tairi. Kwenye kona, unapolaza baiskeli, kazi yote hufanywa na kashata za begani, zile za pembeni kabisa. Chukua kucha uvute moja kwa nje. Ikiwa nzima itakataa, irudi kwa nguvu. Ikiwa imechoka itainama kama jino bovu, na ukiangalia shinani mwake utaona ufa mwembamba. Wengi hutazama katikati tu, wakaona kashata zimesimama wima, wakasema tairi bado jipya, na huku mabega yamekwisha.

Kwa vumbi la huku mimi naweka mbele tairi la 2.3 au 2.4, kashata za begani ndefu na pana, zenye nafasi wazi kati yake na za katikati, na mpira laini. Watengenezaji wengine huandika ugumu wa mpira kwa namba. 50 ni laini, 60 na kuendelea ni mgumu. Laini huisha haraka na hukula nguvu zako kwenye lami. Kwa gurudumu la mbele nakubali hasara hiyo.

Kosa ninaloliona kila mwezi: mtu ananunua tairi moja jipya, na kwa kuwa la nyuma ndilo linaloisha haraka, analiweka nyuma. Fanya kinyume. Jipya liende mbele, la mbele lihamie nyuma, la nyuma lipumzike. Nyuma ikiteleza unatoa mguu, unacheka, unaendelea. Mbele ikiteleza hujui umefikaje chini, unajua tu kidevu kina mchanga.

Ikiwa mbele inateleza pale tu unapobana breki, tairi halina hatia. Breki ibanwe kabla ya kona.

La nyuma linazunguka bure, baiskeli haipandi

Hapa tazama ukingo wa mbele wa kashata za katikati, ule unaouma ardhi unapokanyaga pedali. Ukiwa bado na pembe kali, punguza upepo wa nyuma psi 2 na upande ukiwa umeketi, kwani ukisimama uzito wote huenda mbele na nyuma hubaki nyepesi kama kuku. Ukingo ukiwa umeviringika, tairi limekwisha, hata kama kashata zenyewe bado ndefu. Angalia pia mshale wa mwelekeo ubavuni. Nimekuta matairi yamevalishwa kinyume na mwenyewe ameyaendesha hivyo mwaka mzima.

Kwa nyuma sihitaji mabega makubwa. Kashata za katikati zenye kimo cha wastani, mpira mgumu kidogo, upana wa 2.2 hivi. Basi.

Magurudumu yamekataa kuzunguka, yamejaa udongo

Hili si tatizo la Nakuru. Hili utalikuta ukishuka upande wa Nyando, ukaingia tambarare za Kano karibu na Kisumu, kule kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, mvua ikiwa imenyesha usiku.

Nilikwenda mwezi wa Aprili na matairi yangu ya vumbi, 2.4 mbele, nikijiona nimejipanga. Barabara ya juu ilikuwa sawa. Nikakata kushoto kwenye njia ya ng'ombe. Mita ishirini za kwanza nilisikia tu sauti imebadilika, ule mkwaruzo wa mpira kwenye ardhi ukatoweka, ukaja mnyonyo. Mita hamsini, tairi la mbele lilikuwa limenenepa mara mbili. Udongo mweusi ulikuwa umelivika shati, nyasi zimeshonwa ndani yake, na ulipofika kwenye foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, ukajibana hapo na gurudumu likasimama kama nimefunga breki. Nikashuka kuibeba. Baiskeli ya kilo 13 ilikuwa na uzito wa gunia.

Mzee mmoja mwenye kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara aliniona nikiivuta. Alichukua spoki kuukuu akaanza kuuchokoa ule udongo, pole pole, kipande kwa kipande.

"Kijana, umetoka wapi na jembe hili?"

"Nakuru, mzee."

"Huku tairi pana linabeba shamba. Tazama lile."

Alinionyesha blakimamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, iliyoegemezwa ukutani, tairi lake jembamba kama kidole, madigadi yameng'olewa. Kati ya tairi na foku ungeweza kupitisha vidole viwili. Nilielewa papo hapo jambo nililokuwa nimelisoma mara kumi bila kunikaa kichwani: kwenye udongo unaonata, nafasi tupu ni muhimu kuliko kashata.

Kwa hiyo uchunguzi wa dalili hii una maswali mawili. La kwanza: kuna nafasi gani kati ya tairi na fremu? Ikiwa kidole cha mwisho hakipiti kila upande, hakuna tairi pana litakalokusaidia; shuka hadi 1.9 au 2.0. La pili: kashata zimepangwaje? Za tope ni ndefu, chache, zimeachana, ili zikizunguka zitupe udongo. Zilizobanana huushika udongo kama kijiko kinavyoshika ugali, na baada ya mizunguko mitatu tairi lako halina kashata tena, lina ngozi ya udongo. Jembamba pia hukata tope hadi kwenye ardhi imara iliyo chini, mahali ambapo pana huelea.

Na ukweli ambao muuza tairi hatakuambia: mfinyanzi mweusi ukiwa katika ule unyevu wa kati, si majimaji wala mkavu, hushinda kila tairi. Majimaji kabisa hupitika, kwani maji huosha. Ukikauka hupitika, ingawa nyufa zake zinaweza kumeza gurudumu. Katikati hapo, pita juu ya nyasi, au rudi barabarani. Wenyeji husukuma, nawe sukuma.

Udongo mwekundu wa Nandi na wa milima ya Kakamega ni mwingine. Unateleza lakini haunati hivyo, na tairi la 2.2 lenye kashata zilizoachana kiasi linautosha mwaka mzima.

Unateleza kwenye mizizi na majani, ingawa kashata ni mpya

Msitu wa Kakamega hupata mvua takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na chini ya miti mizizi haikauki. Kashata haziumi mzizi. Mzizi ni mti, na mti ulioloa ni sabuni. Kinachoshika hapo ni ulaini wa mpira na upepo mdogo. Kwa hiyo kununua tairi la kashata ndefu zaidi ni kutupa pesa. Shusha psi 3, chagua mpira laini, uvuke mzizi ukiwa umenyoosha gurudumu, bila breki. Mzizi uliolala mshazari na njia ndio unaokuangusha, ukiweza, uruke.

Pancha, pancha, pancha

Kabla ya kuziba, soma tundu. Na ili uweze kulisoma, vaa tabia moja: kila unapovalisha tairi, weka maandishi yake makubwa sambamba na vali. Siku ya pancha, ukipata tundu kwenye tyubu unapima umbali wake kutoka kwenye vali, unahamisha kipimo hicho kwenye tairi, na mhalifu yuko hapohapo. Bila hivyo utaziba, utajaza, na baada ya nusu saa utaziba tena tundu la mwiba uleule.

Matundu mawili yanayokabiliana kama meno ya nyoka: tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu. Upepo ulikuwa mdogo, au tairi jembamba kwa uzito wako. Ongeza psi 3 kabla ya kufikiria tairi jingine.

Tundu moja upande wa nje: mwiba, kioo, au waya. Hapa kila eneo lina mhalifu wake. Kuelekea Naivasha na kandokando ya ziwa Nakuru ni miba ya migunga. Kwenye vijia vikavu ni mbigiri, ile mbegu yenye pembe ambayo hata ndala huitoboa. Mitaani Nakuru ni ua wa kayaba. Mtu akipogoa ua wake Ijumaa, njia nzima ya pembeni huwa na miba hadi Jumatatu, migumu, mirefu, na haivunjiki ikitoka, huvunjikia ndani. Kwenye bega la barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret ni waya. Tairi la lori likipasuka huacha nyuzi za chuma nyembamba kama unywele, na uzi mmoja hukaa ndani ya mpira wa tairi lako bila kuonekana. Tyubu inapungua polepole, unaziba, siku ya pili imepungua tena. Kidole hakiusikii. Chukua pamba au kipande cha soksi kuukuu, ukipitishe taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitakaponasa, simama, uvute waya kwa koleo.

Pancha za miba zikizidi, tafuta tairi lenye tabaka la kinga chini ya kashata. Fundi wa mtaani atakupasulia tyubu kuukuu akuwekee kama bitana kati ya tairi na tyubu mpya. Inasaidia kwa mbigiri, haisaidii kwa kayaba, na utaisikia kwenye miguu ukipanda. Mimi niliiacha.

Tundu upande wa ndani, unaoelekea kwenye rimu: utepe wa rimu, ule unaofunika vichwa vya spoki, umehama na kichwa kimoja kimechoma. Tairi halihusiki kabisa.

Mpasuko shinani mwa vali: tazama tundu la rimu. La vali nene kama ya gari lina milimita 8.5, la vali nyembamba 6.5. Baiskeli nyingi za mtumba zina tundu nene na mwenyewe akanunua tyubu ya vali nyembamba, kwa hiyo vali inacheza humo ndani na ukingo wa rimu unaikata. Ikiwa vali imeinama upande mmoja, basi upepo ni mdogo mno na tairi linajizungusha juu ya rimu kila unapobana breki.

Ubavu umechanika

Sakafu ya Menengai ni zaha (lava) iliyoganda, nyeusi, yenye ncha. Ndani ya Hell's Gate, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1984 na ambayo mpaka leo unaruhusiwa kuipita kwa baiskeli, kuna pia kioo cheusi cha volkano. Vitu hivi haviji kwenye kashata. Vinakuja ubavuni, mahali tairi ni jembamba. Matairi mepesi ya mashindano yana ubavu kama karatasi. Kwa mawe haya chukua lenye ubavu ulioimarishwa, hata kama ni zito zaidi kwa gramu 150, na usishushe upepo sana, kwa sababu tairi laini hufura pembeni na kujipeleka lenyewe kwenye wembe.

Ukichanika ukiwa mbali, kunja pakiti ya maziwa mara tatu nne, iweke ndani kwenye mpasuko, tyubu juu yake, jaza upepo nusu, rudi nyumbani polepole. Mimi hubeba kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, ukubwa wa kiganja, ndani ya mfuko wa tandiko. Mpasuko mdogo fundi viatu anaweza kuushona kwa uzi wa nailoni. Tairi hilo liende nyuma, lisirudi mbele tena.

Tairi jipya halikubali kuingia, au linaingia likipwaya

Umenunua "26" kwa rimu ya "26" na haziko sawa. Hukulaaniwa. Tairi la baiskeli ya milimani la 26 lina kipenyo cha milimita 559 linapokaa kwenye rimu. La 26 x 1 3/8, la baiskeli za kawaida, lina 590. La 559 kwenye rimu ya 590 mtu anaweza kulivuta kwa nguvu zote na vijiko viwili vya kuvalishia tairi na lisikubali, na la 590 kwenye rimu ya 559 litapwaya, kwa sababu tofauti ni milimita 31. Usisome inchi, soma namba iliyoandikwa kama 54-559, ya kwanza upana, ya pili kipenyo. Ya 27.5 ni 584. Ya 29 ni 622, sawa na zile za 700. Blakimamba yenye 28 x 1 1/2 ni 635.

Likiingia vizuri lakini linajipinda kwenye kona, pima upana wa ndani wa rimu. Rimu za zamani nyingi ni milimita 17 hadi 19, na tairi la 2.4 juu yake husimama kama puto juu ya chupa. Kwa hizo baki 2.2 au chini yake.

Lisilo na tyubu linapungua kila usiku

Kwanza pakaa maji ya sabuni kuzunguka ukingo wa rimu na shina la vali; panapotoa povu ndipo. Pakiwa pakavu pote, mashaka yaende kwenye ile dawa ya mpira ndani, yale maji mazito yanayoziba matundu. Kwenye joto la Kisumu hukauka mapema kuliko huku kwetu, wakati mwingine miezi miwili tu. Huna haja ya kufungua tairi ili ujue. Ng'oa gurudumu, lilete karibu na sikio, litikise. Ukisikia maji yakipiga, bado. Ukisikia kigololi cha mpira kikigongagonga, au usisikie kitu, toa kiini cha vali, tia mililita 60, zungusha, ulilaze dakika kumi upande huu na kumi upande ule.